Kiangazi cha Mvua, Mlango Namba Saba

Simu iliita saa tisa na dakika ishirini alasiri, nikiwa nimelaza cherehani ya mteja ubavu ili niitie mafuta. Alikuwa binti yangu Neema, anayeishi Sydney, Australia, ambako saa hiyo tayari ulikuwa usiku. Aliniambia mambo matatu kwa pumzi moja: ana mimba ya miezi saba, serikali ya kule imeanza kuwaruhusu wazazi wa wakazi kuingia, na nauli ataigharamia yeye. Nilimwuliza kwa nini amenificha mimba muda wote huo. Akasema hakunificha, alikuwa anasubiri. Nikamwuliza alikuwa anasubiri nini. Mtandao ukakatika, au aliukata.

Huo ulikuwa mwezi wa kumi na moja, mwaka 2021. Tangu nirudi, watu wengi wameniuliza Australia ikoje, nami nimewajibu kwamba mvua ilinyesha sana. Jibu hilo ni la kweli lakini halitoshi, na ndiyo maana naandika.

Humu nitajiita Salome. Nina miaka hamsini na mmoja, ni mjane, na ni fundi wa kutengeneza cherehani hapa Dodoma. Ufundi huu sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwenye vijitabu vya maelekezo vinavyokuja na mashine, vingi vya Kiingereza, nikiwa na kamusi pembeni. Kazi hii imenipa tabia moja ambayo marehemu mume wangu aliilalamikia: siamini kwamba kitu kimeharibika chenyewe. Kila hitilafu ina chanzo, na mara nyingi chanzo ni mkono wa mtu.

Kwa hiyo nilianza safari nikiwa na shaka. Kwenda kumhudumia binti aliyejifungua ni wajibu wa mama, sikuhitaji kubembelezwa. Lakini kila aliponipigia simu Neema alikuwa ananiuliza kama tiketi inaweza kuwa ya miezi mitatu, minne, au zaidi. Nilihisi ananitafutia kazi ya uyaya bila kunitajia. Nilifunga duka, nikampa jirani ufunguo mmoja kati ya mbili, nikapanda basi la Dar es Salaam.

Dar es Salaam nililala kwa binamu yangu nikisubiri majibu ya kipimo cha Korona. Kijana aliyenipima aliingiza kijiti puani bila kunitazama, na nilimwangalia hadi alipoandika jina langu kwenye kichupa, kwa sababu nilikuwa nimesikia majibu yanaweza kubadilishana. Hayakubadilishana. Nilipewa cheti chenye alama ya kuchanganuliwa kwa simu, nikakiweka pamoja na cheti cha chanjo kwenye mfuko wa ndani wa sketi nilioushona mwenyewe kwa ajili hiyo.

Ndege ya kwanza ilitufikisha Doha, ya pili ikatupeleka Sydney. Nilikaa jirani na mzee aliyekuwa akikohoa ndani ya barakoa yake na kila mara akiniambia kwa Kiingereza kwamba ni vumbi. Kwenye ndege hakuna vumbi. Nilifungua kitundu cha hewa juu ya kichwa changu, nikakaa nimeinamia dirisha hadi shingo ikakakamaa.

Sydney tulitua asubuhi, mwanzoni mwa Desemba. Mkwe wangu Elias alinipokea akiwa amesimama mbali, mikono nyuma, kwa adabu ya mkwe na kwa adabu ya Korona. Ni kijana mpole, anafanya kazi zamu ya usiku kwenye ghala. Njiani aliniambia sheria ya wiki hizo: kila atokaye nje ya nchi akae ndani saa sabini na mbili, asichangamane na mtu. Tuliendesha gari kuelekea magharibi karibu saa nzima. Majengo marefu yalipungua, nyumba zikawa za chini, halafu tukafika Mount Druitt, mbele ya jengo la matofali mekundu la ghorofa tatu. Wao wanakaa juu kabisa. Nilipanda ngazi nikihesabu milango kwa mazoea, na nilipopita ule wa namba saba, chini kabisa, nilisikia sauti ya cherehani. Ilikuwa inaruka mishono. Nilijisemea sindano imewekwa kinyume, nikaendelea kupanda.

Siku ya pili ya kufungiwa, Neema akiwa kazini kwenye nyumba ya kutunzia wazee na Elias amelala, mlango uligongwa. Nilivaa barakoa nikafungua. Hapakuwa na mtu. Kwenye zulia la kufutia miguu palikuwa na sufuria iliyofungwa kwa kitenge. Ndani kulikuwa na kisamvu kilichopikwa kwa mawese, kile ambacho Wakongo wanakiita sombe, bado cha moto. Sikukigusa. Mtu anayekuletea chakula bila kujitambulisha, tena wakati wa ugonjwa, ana lake jambo.

Neema aliporudi alikitazama kile kitenge kabla hata ya kuvua viatu.

"Ni cha yule mama wa namba saba," alisema. "Mkongo. Mama, usimzoee."

Nilimwuliza ana nini. Akasema anauza poda za kupunguza mwili. Huanza na chakula, akishakuzoea anakuingiza kwenye kundi lao, unachangia pesa, na pesa hairudi. Wamama kadhaa wa kanisani walishaumia. Aliyasema yote haya akiwa amenipa mgongo, anaosha kikombe kilichokuwa safi. Elias aliamka, akakila kile kisamvu chote na wali, akasema kama hicho ni chambo basi wavuvi wa Mount Druitt wanajua kazi.

Zilipokwisha zile saa sabini na mbili nilikaanga maandazi, nikayapanga ndani ya sufuria, nikateremka. Wasomaji wa kwetu hawahitaji kuelezwa: chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Lakini niseme kweli, kwangu maandazi yale yalikuwa zaidi ya heshima. Yalikuwa kufunga hesabu. Umenipa, nimekupa, hatudaiani, usije ukaniletea poda.

Aliyefungua alikuwa mwanamke wa rika langu, mrefu kuliko mimi, kitambaa cha manjano kichwani na barakoa usoni. Nilichoweza kuona ni macho tu, na hayakuwa na haraka.

"Weye ni mama ya Neema," alisema.

Nilikubali.

"Bon. Jina yako ni nani? Miye siite bantu na majina ya batoto yabo."

Nilimtajia. Akalirudia kwa namna yao, uzito ukiangukia mwishoni, Salomé. Nilishtuka kidogo. Hata mume wangu aliniita Mama Neema, na dukani naitwa fundi. Jina langu lilikuwa kwenye vyeti tu.

Yeye aliitwa Odette, kutoka Bukavu, Kongo, Kiswahili chake kimechanganyika na Kifaransa, bon kwa haya, mais kwa lakini, na alikuwa na zaidi ya miaka kumi Australia. Alifanya kazi ya kufua mashuka kwenye hospitali moja. Wakati anaongea nilikagua chumba kwa macho nikitafuta maboksi ya poda. Niliona meza, cherehani, mafungu ya vitenge, picha ya mama mzee ukutani. Maboksi sikuyaona. Nikahitimisha kwamba yako chumba cha kulala.

Wiki hiyo sufuria ilirudi juu ikiwa na maharage. Niliirudisha na chapati. Ikaja na samaki, ikashuka na visheti. Kila nilipofunga hesabu, yeye aliifungua. Neema alizitazama zile safari za sufuria bila kusema neno, na nilichukulia ukimya wake kuwa ni onyo.

Kabla ya Krismasi Odette aliniambia cherehani yake inaruka mishono. Nilimwambia najua, nilisikia siku niliyofika. Nilishuka na bisibisi. Sindano ilikuwa imewekwa kinyume kweli, na kijumba cha bobini, kile kinachobeba uzi wa chini, kilikuwa kimejaa vumbi la nyuzi. Nilisafisha, nikakaza skrubu yake ndogo inayobana uzi, na kama ilivyo desturi yangu, nikaacha mfereji wa kichwa cha skrubu umesimama wima ili siku nyingine nijue kama umesogezwa. Nilipomaliza nilikaa nikisubiri poda. Alileta chai.

Tuliinywa yeye akiwa mezani na mimi dirishani, kwa sababu nilishajiwekea masharti: mtoto anakuja, sitapeleka ugonjwa juu. Sikuvua barakoa, niliivuta tu pembeni kila nikipiga funda huku nimegeukia nje. Naye aliheshimu, akanywa chake akiwa amenipa mgongo. Tukawa tunazungumza hivyo, kama watu wanaosubiri mabasi tofauti.

Alinisimulia kwamba aliachana na mume wake hapohapo Sydney, bila kupigana, na kwamba kanisani walimwomba aeleze sababu naye akaieleza. Sikumwuliza sababu. Nilidhani ni pesa.

Katikati ya Januari Neema alijifungua mtoto wa kike. Hospitali iliruhusu msindikizaji mmoja, naye akawa Elias, kwa hiyo mimi nilimwona mjukuu alipoletwa nyumbani, amefungwa kama mkate. Tangu siku hiyo nilikuwa na kazi: maji ya moto asubuhi, uji wa pilipili manga, nguo za mtoto zisizokauka, kwa maana kiangazi kile cha Australia, ambacho kila mtu aliniahidi kingenichoma, kilikuwa cha mvua. Ilinyesha Desemba, ikanyesha Januari. Dukani vipimo vya Korona vilikuwa vimeadimika kuliko sukari enzi za foleni.

Hata hivyo kila alasiri, mtoto akilala, nilikuwa nashuka chini kwa muda mfupi. Nilimwambia Neema narudisha chombo. Siku moja nilijikuta napiga pasi gauni kwa ajili ya kuteremka ngazi za ghorofa mbili. Nilizima pasi nikakaa kitandani. Nimezoea kuwashuku watu wengine. Siku ile nilijishuku mimi, na sikujua nianzie kukagua wapi.

Jumamosi moja mwanzoni mwa Februari, Elias akiwa nyumbani na mkewe, Odette aliniambia sindano nzuri zinauzwa Parramatta. Tulipanda treni Mount Druitt. Parramatta ni mji wa ofisi na chuo, watu wanatembea haraka wameshika kahawa. Tulinunua sindano. Nilitazama bei, nikatazama macho yake, nikafikiri kama yuko mtu atakayetukuta pale kwa bahati akiwa na begi la poda, basi ni sasa. Hakuja mtu.

Odette alisema kuna kivuko kinachoshuka mtoni hadi mjini, twende mpaka mwisho wake turudi kwa treni. Maji yalikuwa yamekupwa, kivuko hakikuweza kufika Parramatta, kwa hiyo tulichukuliwa na basi hadi kituo kinachofuata, Rydalmere. Tulikaa nje, kwenye benchi la nyuma, peke yetu isipokuwa mzee mmoja wa Kizungu na gazeti lake. Mto ulikuwa mwembamba, mikoko pande zote mbili. Odette alitoa chungwa, akalimenya, na ili alile akavua barakoa.

Nilikuwa nimemfahamu zaidi ya miezi miwili. Nilijua sauti yake, mikono yake, jinsi anavyokata uzi kwa kidole badala ya mkasi. Mdomo wake sikuwa nimeuona. Alikuwa na mwanya mbele, na kovu dogo chini ya mdomo.

"Unanitazama sana, Salomé."

"Sijawahi kuuona mdomo wako."

"Sasa umeuona. Uko namna gani?"

Nilifikiri jibu sahihi. Nilimwambia uko mahali pake.

Alicheka hadi yule mzee akashusha gazeti. Alinipa nusu ya chungwa, nami nikavua barakoa yangu, nikala nikiwa uso mtupu mbele ya mtu asiye wa nyumbani kwangu kwa mara ya kwanza tangu Dar es Salaam. Mto ulipopanuka na madaraja kuanza kuonekana, aliweka mkono wake juu ya wangu kwenye ukingo wa benchi, akauacha pale. Sikuutoa. Tulifika gati la mjini ukiwa bado pale.

Kwenye treni ya kurudi hatukuongea sana. Nilikuwa na kazi ya kufikiri. Mume wangu alikuwa mtu mwema. Tulikaa miaka ishirini na miwili, tulisomesha, tulijenga, na nilimlilia kwa dhati alipokufa. Lakini mambo ambayo watu wanayasimulia kuhusu mapenzi, usingizi kukatika, chakula kutoshuka, nilikuwa nikiyasikia kama mtu anayesikia habari za pilau ya harusi asiyoalikwa. Niliamini wanatia chumvi. Sasa, kati ya Parramatta na Mount Druitt, nikiwa na mjukuu, nilitambua kwamba walikuwa wanasema kweli tupu. Na nilikumbuka mambo mengine, ya ujana, ya rafiki mmoja wa darasa la ushonaji ambaye alipoolewa niliugua wiki nzima na mama yangu akaniita mwenye malaria. Sikuwa na malaria.

Jumanne iliyofuata Odette alinitumia ujumbe: cherehani imeharibika tena.

Nilishuka na bisibisi. Nilitoa kijumba cha bobini nikakigeuzia mwanga. Ile skrubu ndogo niliyoiacha wima ilikuwa imelala, imelegezwa mizunguko mitatu. Mtikisiko wa mashine huilegeza skrubu kidogo kidogo, kwa miezi. Hauizungushi mara tatu kwa siku chache, na wala hauachi mkwaruzo mpya wa ncha ya kisu cha jikoni. Kila nilichokuwa nakishuku tangu kile kisamvu kilikaa sawasawa: huyu mtu ananivuta.

"Nani ameigusa hii?" nilimwuliza.

"Miye," alisema. Hakuona haya.

"Kwa nini?"

"Juu weye unakuja kama kuko kitu ya kutengeneza. Kama haiko, unasimama ku mulango na sufuria yako, unaenda." Alivuta kiti akakaa. "Tangu ile mandazi ya kwanza, miye nilijua. Nikituma, unatuma. Nikasema, bon, huyu mama hasemi, mais anajibu."

Nilimwambia sikuwa najibu. Nilikuwa nafunga hesabu.

"Hesabu ya nini?"

Hapo nikasema nisichopaswa kusema. Nilimwambia atoe hizo poda anazouza, aniambie bei, tumalize. Nilimwambia mtu anayeharibu chake mwenyewe ili amwite mwenzake hashindwi kuharibu cha mwenzake. Aliniuliza poda gani. Nikamweleza kundi, michango, wamama walioumia. Kadiri nilivyoeleza ndivyo macho yake yalivyozidi kutulia, hadi yakawa kama ya mtu anayesubiri daktari amalize.

Aliinuka, akaifunika cherehani kwa kitenge.

"Rudi kwa mutoto yako, Mama Neema," alisema.

Lile jina lilinifuata hadi juu.

Mwisho wa Februari mvua iliongezeka. Mito ya magharibi mwa Sydney ilifurika, barabara zikafungwa, Elias akawa anazunguka mbali kwenda kazini. Zulia la mlangoni kwetu lilibaki zulia. Usiku nilisikia cherehani ya chini ikiruka mishono kwa sababu nilikuwa nimeondoka bila kuikaza ile skrubu, na hakuniita. Tiketi yangu ya kurudi ilikuwa ya katikati ya Machi. Nilijua kwamba nikipanda ndege bila kushuka zile ngazi, maisha yangu yaliyobaki yatakuwa ya mtu aliyekaguliwa akaonekana mzima ilhali si mzima.

Lakini kwanza nilitaka chanzo. Asubuhi moja Neema alikuwa ananyonyesha, mimi nakunja nguo za mtoto. Nilimwuliza kama yeye kwa macho yake amewahi kuziona zile poda.

Alimwinamia mtoto. Nilingoja. Kungoja naweza.

"Hakuna poda, mama," alisema.

Nilimwuliza kwa nini basi alisema ziko.

"Ningekuambiaje? Watu wa church wanasema anapenda wanawake. Ndiyo iliyovunja ndoa yake, na alipoulizwa hakukana. Wewe ni mama yangu. Ningeanzia wapi? Nikaona nikisema pesa utakaa mbali. Wewe pesa ndiyo unaiogopa."

Alikuwa amenijua vizuri. Nilikunja kinguo kimoja mara mbili zaidi ya inavyotakiwa. Nikamwambia nimemkosea yule mama.

"Umemkosea nini?"

"Nilimwuliza bei."

Neema aliinua uso. Nilimwona akirudi nyuma katika miezi ile, sufuria moja baada ya nyingine, gauni lililopigwa pasi, Parramatta. Nilimwacha afike mwenyewe. Alipofika, macho yalimjaa, na alichosema kwanza kilikuwa cha haki yake.

"Mama, wewe utaondoka. Mimi ndiye nitabaki hapa na hao watu."

Nilimwambia najua. Aliniuliza nitamwambia nini shangazi yake, nitamwambia nini mchungaji. Nilimwambia sijui, na kwamba sijazoea kutojua. Akaniuliza kama nina hakika, tena kwa Kiingereza, kama vile lugha ile ingelifanya swali kuwa dogo. Nilimwambia nimekagua kila mahali, na nimekosa chanzo kingine.

Mtoto akaachia ziwa. Nikasimama kuelekea mlangoni.

"Badilisha hiyo kanga kwanza," alisema bila kunitazama. "Mtoto amekutapikia begani."

Nilibadilisha. Nilishuka mikono mitupu, na kwenye kila kidato mikono ile ilinisumbua, haikujua pa kukaa. Nilibisha namba saba. Odette alifungua, akatazama mikono yangu, akanitazama miguuni kama nimeweka kitu chini.

"Hakuna sufuria," alisema.

"Hakuna."

"Na bisibisi?"

"Sikuja kutengeneza."

"Umekuja na nini, basi?"

"Sina kitu," nilisema. "Nimekuja tu. Niliyokuambia hayakuwa kweli. Yale maandazi yalikuwa jibu. Mimi ndiye sikujua kwamba nimejibu."

Kwa nje mvua ilisikika ikigonga bati la kibanda cha takataka.

"Haukuye na kitu," alisema, kana kwamba anaipima. "Bon. Ingia, Salomé."

Machi, Aprili na Mei nilikaa Mount Druitt. Kibali changu kiliniruhusu miezi sita, na Elias alinisaidia kuomba tarehe mpya ya ndege bila kuuliza sababu, ingawa alitabasamu akiwa ameangalia kompyuta. Neema ilimchukua muda. Kuna Jumapili alirudi kutoka kanisani amekasirika, kumbe amemjibu mtu. Hakunieleza alimjibu nini. Baadaye kidogo alianza kumpeleka mtoto chini mwenyewe, akisema kule kuna joto zaidi, kwa maana kiangazi kilikuwa kimekwisha.

Nitasema kidogo kuhusu miezi ile. Tulikuwa na maisha ya kawaida. Yeye alirudi kazini na harufu ya sabuni ya mashuka, mimi nilipika, tulibishana kama ugali wa muhogo ni ugali. Alinifundisha kukata uzi kwa kidole. Sikuwahi kuwa na furaha ya namna ile, na kwa wiki za mwanzo niliamka kila asubuhi nikiikagua, nikitafuta mahali palipolegea.

Mwisho wa Mei tuliagana mlangoni kwake, kwa sababu hakutaka kulia mbele ya watu wa uwanja wa ndege. Aliniuliza kama nitarudi. Nilimwambia nimeshaandika maombi ya kibali kingine. Akaniuliza tangu lini. Nilimwambia tangu Aprili. Alinipiga begani kwa kutomwambia.

Doha nilisubiri ndege ya Dar es Salaam saa sita, na niliwaza kidogo juu ya shaka. Sijaiacha. Ni kifaa kizuri na kimenilisha. Lakini nilikuwa nakitumia kwa upande mmoja: nilijua kuuliza mtu anataka nini kwangu, na kwa miaka hamsini na mmoja sikuwa nimejiuliza mimi nataka nini. Jibu lilipokuja nililiita wizi.

Dodoma nilikuta duka limefungwa vizuri na jirani hajapoteza ufunguo. Najua sheria za kwetu, na nalijua kanisa langu. Majina yote humu nimeyabadilisha. Shangazi yake Neema aliniuliza kama Wazungu walinidhulumu. Nilimwambia hapana. Akauliza kama basi sikupoteza chochote katika safari yote ile, na kwa kuwa napenda kujibu kwa usahihi nilimtajia ada ya kubadilisha tarehe ya tiketi, ambayo kampuni ya ndege haiirudishi: dola mia mbili na themanini za Australia.